Mama Italia wa Simi-Simi

Ukifika Simi-Simi, upande ule wa Kisangani ambako zamani ndege zilikuwa zikitua, ukauliza nyumba ya Koko Safi, nawe utaulizwa: "Safi yupi, ule wa Italia?" Mwenyewe akisikia hivyo hufurahi. Alikuwa bibi wa watu, koko wa mtaa mzima, na mwenyekiti wa moziki, chama cha akina mama wanaosaidiana kwenye ndoa, uzazi na misiba. Moziki yao iliitwa Italia tangu kabla wengi wa wanachama wake hawajazaliwa. Siku za sherehe walivaa vikwembe vya rangi tatu: kijani, nyeupe na nyekundu. Italia ilipotwaa Kombe la Dunia walicheza barabarani mpaka askari wa trafiki akaona heri aungane nao. Iliposhindwa hata kuingia kwenye kombe hilo, mara mbili mfululizo, Koko Safi alikaa barazani kama mfiwa, na majirani wakapita kumpa pole, nusu kwa utani, nusu kwa kweli.

Sababu yake ilijulikana, na aliyeijua kuliko wote ni Benie, mjukuu wake, kwa maana alikua akiisikia kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura.

Mwaka 1968 mji ulikuwa bado unajifuta vumbi la vita vya mamluki. Mahmoudi, mume wa Safi, alipata kazi ya uashi kwenye jengo la maternité, hospitali ya uzazi iliyokuwa ikijengwa pale karibu. Msimamizi alikuwa Mwitaliano mwembamba aitwaye Renzo, mwenye masharubu na kofia ya majani, aliyejifunza Kiswahili kwa waashi na kwa hiyo alijua matusi mengi kuliko salamu. Safi alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kila adhuhuri alimpelekea mumewe lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa mtoni. Siku moja ya mvua, sahani bado iko mkononi, uchungu ukamshika palepale kwenye lundo la mchanga. Mahmoudi, mwanamume wa kunyanyua mawe, alibaki amesimama na mwiko wake wa uashi kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Ni Renzo aliyemwaga mchanga uliokuwa kwenye burweti, ile gari ya waashi ya gurudumu moja, akatandika mifuko mitupu, akampandisha Safi na kumsukuma mbio kwenye matope mpaka chumba pekee kilichokwisha kuezekwa, chumba cha kuwekea simenti. Mkunga aliletwa amelowa chapachapa. Na hapo, katikati ya mifuko, akazaliwa Assumani, baba yake Benie. Mpaka leo, na mvi zake zote, watu wanamwita Mutoto wa Simenti, na akikataa jambo nyumbani mkewe husema huyu alikaukia palepale alipozaliwa.

Safi alitaka mtoto aitwe Renzo. Mama mkwe akakataa. Akasema jina hilo hajalisikia msikitini wala kuliona makaburini. Basi shukrani iliyokosa mtoto wa kuibeba ikaja kubebwa na moziki. Na Mahmoudi, kila walipopita mbele ya jengo lile, alikuwa akimwambia mkewe: "Unaona, Safi? Italia njo ilijengaka," yaani Italia ndiyo iliyojenga. Alisema hivyo mpaka mwaka aliokufa. Kibao cha bati kilichokuwa mlangoni, ambacho pengine kingesema zaidi, kiliondoka siku za vita vya mwaka 2000, na wanaodai kukiona mara ya mwisho wanasema kilikuwa kimeezeka banda la kuku.

Sasa maternité ile ilikuwa imewekewa paa jipya. Wageni wa Umoja wa Ulaya walikuwa waje kuifungua upya Jumamosi, na moziki Italia iliombwa kuwapokea. Vikwembe vipya vilikwisha kushonwa. Hotuba ya shukrani, Koko Safi alikwisha kuamua, ingeandikwa na kusomwa na Benie, kwa kuwa ametoka chuo kikuu juzi tu.

Benie hakuweza kukataa, ingawa hakuna kitu alichokiogopa kama watu wengi wanaomtazama kwa pamoja. Siku alipotetea mémoire yake, kazi ile ya kumalizia masomo, sauti yake ilikuwa ndogo hata waalimu waliinama mbele kama watu walio kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini kwa Koko angesoma hata mbele ya askari wote wa kambi ya Kapalata. Aliandika hotuba nzuri, yenye mvua na burweti na Italia tupu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alhamisi akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akaenda kumwonyesha Profesa Cyprien, aliyemsimamia katika masomo, amsahihishie Kifaransa.

Profesa alisoma akitabasamu. Alipofika mwisho akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Binti yangu," akasema, "hii maternité umewahi kuiandika."

Benie akasema hapana.

"Sura ya pili. Kisangani, maternité moja, kontrakta wa kutoka Milano. Uliniandikia mwenyewe."

Mémoire yake ilihusu mfuko wa maendeleo wa nchi za Ulaya zilizounganisha masoko yao. Aliijua habari hiyo kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Mwaka 1957 nchi sita zilipokubaliana kuwa soko moja, zilikubaliana pia kuwa na mfuko mmoja wa kujenga barabara, shule na hospitali katika nchi ambazo wakati ule bado zilikuwa makoloni ya baadhi yao. Ufaransa ndiyo iliyoshikilia kwamba wengine wasaidie kubeba mzigo huo, na Ujerumani, ambayo haikuwa na koloni lolote, ilitoa sawa na Ufaransa. Makoloni yakapata uhuru, mfuko ukabaki. Mikataba ikabadilika jina kufuata miji iliposainiwa, Yaoundé, kisha Lomé, kisha Cotonou, na miaka michache tu iliyopita mfuko ukamezwa na bajeti ya kawaida ya Umoja. Yote hayo aliyaandika. Jina la maternité aliliandika pia, kwa vidole vyake, akaendelea na mstari unaofuata. Haikumpitia akilini kwamba ni ileile, kwa sababu ileile ilikuwa ya Koko, ya Renzo na ya mvua, haikuwa ya sura ya pili.

Kampuni ya Renzo ilikuwa ya Italia. Gharama zilikuwa za wote sita.

"Wageni watajua," Profesa akasema kwa upole. "Hawatasema kitu, wana adabu. Lakini watatazamana."

Njia nzima ya kurudi Benie aliona ule mtazamo. Aliona wageni wakigeuziana macho juu ya kichwa cha Koko yake, na Koko hajui, anacheza. Jambo hilo hakuweza kulivumilia. Wala hakuweza kuvumilia lile jingine, la kumwambia.

Alimkuta Koko uani anamenya makemba, ndizi za kupika. Akachukua kisu cha pili, akakaa, akamenya naye. Koko alimwacha kwanza. Kisha akasema bila kuinua kichwa kwamba mutoto anayemenya hivyo, maganda manene kama anayechimba shimo, ana neno.

Benie akalisema. Alilisema vibaya, akianzia Roma na mwaka 1957, akazunguka kwa nchi zote, na alipofika Simi-Simi sauti ilikuwa imekwisha.

Koko Safi aliweka ndizi chini.

"Kwa hiyo Mahmoudi alinidanganyaka?"

"Hapana, Koko, si hivyo..."

"Miaka yote ile tunapita pale. Alinidanganyaka?"

Koko aliinuka, akajifunga kikwembe chake, akatoka bila kuvaa hata kandambili zake nzuri. Makemba yakabaki nusu yamemenywa, nusu hayajamenywa. Assumani aliporudi kutoka kazini akakuta binti yake analia juu ya sufuria, akauliza nani amekufa. Benie akasema hakuna. Moyoni alidhani kuwa yupo: babu, ambaye Koko alikuwa naye mpaka mchana ule, na sasa yeye, na diploma yake, amemwondoa.

Ijumaa kutwa Koko Safi alijibu salamu tu, alikula kidogo, alisali. Benie alichana hotuba yake, akaandika nyingine, akaichana hiyo pia. Alasiri Koko akatoka tena, na safari hii Benie alimfuata kwa mbali, kwa hofu tu.

Koko alikwenda mpaka maternité. Akakaa kwenye benchi la ng'ambo, akatazama. Waashi walikuwa wanamalizia ngazi ya mbele, wamejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita mmoja wao, kijana aliyekuwa akichanganya simenti, na Benie, aliyejibanza nyuma ya kibanda cha kuuza vocha, akayasikia yote.

"Mutoto wangu, nani anajenga hapa?"

"Patron Djuma, Koko," kijana akajibu. "Ule pale wa kofia."

"Paka yeye? Yeye tu?"

Kijana akamtazama kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kupotewa. "Njo yeye. Yeye njo analeta simenti, njo anatulipa, njo anatufokea. Nani tena?"

Juu ya kichwa chake kulikuwa na bango jipya kubwa la wageni, lenye bendera ya buluu na nyota zake zote. Kijana alikuwa amelipa kisogo, ametundika shati lake kwenye mguu mmoja wa bango hilo.

Koko Safi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka kijana naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini, mpaka patron Djuma mwenyewe akaja kuuliza kuna nini. Koko akamshika mkono, akamwinamisha, akamnong'oneza kitu kirefu. Djuma akakuna kichwa, akatazama upande wa vifaa vyake, akakubali.

"Toka huko nyuma, weye," Koko akasema kwa sauti, bila kugeuka. "Nimekuona toka mwanzo. Hujui hata kujificha."

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Njiani Koko alieleza, polepole, kama mtu anayepanga vyombo alivyokuwa ameviangusha. Mwashi anamwona anayemletea simenti. Mahmoudi alimwona Renzo, na Renzo alikuwa Mwitaliano. Hizo nchi sita zilikuwa wapi azione, na yeye yuko juu ya jukwaa na mvua?

"Mahmoudi hakunidanganya," akasema. "Alinipa kile alikuwaka nacho."

Hatua chache mbele akaongeza kwamba yeye, Benie, vilevile amempa alichokuwa nacho, na kwamba aache kulia kwenye chakula, sombe ya jana, majani yale ya muhogo, ilikuwa na chumvi kuzidi.

Jioni ile, kabla ya magharibi, moziki nzima iliitwa uani. Koko aliwaeleza mwenyewe, kwa ufupi kuliko Benie, na kelele zilizofuata zilisikika hadi barabara kubwa. Mama Philomène, makamu wake, mwanamke wa Maniema asiyejua kunong'ona, alitaka kujua vikwembe vilivyokwisha kushonwa vitarudishwa wapi. Koko akajibu kwamba havirudi popote. Italia haijafukuzwa, imepata wenzake.

"Alors ni likelemba," akasema Mama Nadège, muuza samaki, mwanamke mnene na mpole, akimaanisha ule mchango ambao kila mmoja hutia na kila mmoja hula kwa zamu yake. "Hao sita walitiaka kwenye likelemba."

Benie, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya mlango, akasema kwamba hapana, si likelemba hasa, kwa kuwa waliotia si waliokula. Wote wakageuka kumtazama. Angetamani ardhi impokee, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka na lilikuwa lake.

"Basi ilikuwa matabisi," Philomène akasema, kwa sauti ya mtu anayetema ganda. "Bakshishi. Mutu anakutupia kwa kuwa amefurahi."

"Walisema msaada," Benie akajibu. "Lakini katika miaka ile ile kahawa yetu na shaba yetu vilikuwa vinapanda meli kwenda kwao. Baadaye, tangu Lomé, wetu walikaa nao mezani kusema kipi kijengwe. Hawakusikilizwa kila mara."

"Ah. Kahawa," akasema Philomène, na akatulia kidogo. "Baba yangu alilimaka kahawa. Basi kuna kipande cha ukuta pale ni cha baba yangu."

Hakuna aliyembishia. Mama Nadège akauliza kama na sisi, tulioingia Jumuiya ya Afrika Mashariki juzi, tuna mfuko wa namna hiyo, na nani atamjengea nani. Benie akaeleza kwamba zamani Kongo, Rwanda na Burundi ziliwahi kuwa na jumuiya yao na benki yake pale Goma. Kwamba nchi za mashariki nazo zina benki yao tangu miaka ya sitini. Kwamba ya sasa bado inajadiliwa, na kwamba ni vigumu kutia mkono kwenye chungu kimoja na mtu mnayepigana naye. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Koko Safi akasema kesho kila nchi itapata mama wa kuisimamia. Ikitajwa, asimame, ashukuru kwa jina lake. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Ufaransa iligombewa na watatu. Ujerumani ikaenda kwa Mama Sara kwa sababu ana mashine ya kushona ya huko. Uholanzi ikachukuliwa na Mama Grâce. Ubelgiji ilizunguka bila mwenyewe mpaka Philomène akaidaka.

"Nipeni mimi. Hao tunajuana. Mimi njo najua pa kushukuru na pa kugombeza."

Italia haikuulizwa, ilikuwa ya Koko, ikabaki Luksemburgi. Mama Nadège, ambaye hakuwa amepigania kitu, akauliza ikoje. Benie akasema ni ndogo. Gari likikimbia vizuri unaivuka kabla chai haijapoa. Je, ina timu ya mpira? Ina, lakini haishindi sana.

"Na ilitia pia?"

"Ilitia."

"Bon," akasema Nadège. "Ndogo na ilitia. Nitaisimamia."

Jumamosi jua lilitoka mapema na wageni wakatoka kwa kuchelewa. Palikuwa na viti vya plastiki, hema, wakubwa wa jimbo, na mgeni mkuu, mama wa Kiholanzi mwenye nywele fupi, ambaye hakuelewa kwa nini Mama Grâce anampungia mkono kila akimtazama. Benie aliitwa. Alifika kwenye kipaza sauti. Alitafuta macho ya Koko kwenye safu ya mbele ili ajishike nayo.

Kiti cha Koko kilikuwa kitupu.

Akaanza kusoma hata hivyo, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya. Alisoma kwamba nchi sita, ambazo miaka michache nyuma zilikuwa zikiuana, zilikaa zikakubali kuuziana bila kizuizi na kutia kwenye mfuko mmoja. Kwamba kipande cha mfuko huo kilifika Simi-Simi na kuwa kuta hizi, na kwamba ndani ya kuta hizi kuna kahawa ya baba zetu pia. Akazitaja moja moja. Akina mama wakasimama, mmoja baada ya mwingine, katika rangi zao za Italia. Philomène alisimama kwa Ubelgiji amekunja mikono. Nadège aliposimama kwa Luksemburgi, mpana na mwenye haya kama bibi harusi, watu walipiga makofi kuliko kwa Ufaransa, na mama wa Kiholanzi akasahau itifaki, akacheka waziwazi.

Ilibaki Italia. Ilibaki aya ya Renzo. Benie akaona maneno kwenye karatasi, mvua, mchanga, mifuko mitupu, na sauti ikamwisha. Akajaribu. Haikutoka. Mamia ya macho yalikuwa yanamngoja, na yeye alichokiona ni kile kiti kitupu tu.

Ndipo gurudumu likalia nyuma ya jengo, kwa mlio wa chuma kinachoomba mafuta.

Assumani, Mutoto wa Simenti, amevaa suti yake ya harusi, alitokea akisukuma burweti ya patron Djuma. Ndani yake, juu ya mifuko mitupu iliyokunjwa vizuri, alikaa Koko Safi, wima kama malkia, kikwembe kipya kimemfunika miguu, mkono mmoja umeshika ukingo na mwingine umeshika sahani ya lituma. Waashi walimfuata kwa vumbi lao. Kijana wa jana alikuwa mbele, anasafisha njia kwa mikono.

Hapakuwa tena na haja ya aya ile. Benie aliweka karatasi chini, na sauti yake, kwa vile hakuwa anaifikiria, ikarudi yenyewe. Akawaambia wageni, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kifaransa baadaye, kwamba nchi sita zilijenga nyumba hii, na kwamba kabla haijaisha mtu mmoja aitwaye Renzo alimsukuma mwanamke huyu hivi, kwenye mvua, na anayemsukuma leo ndiye mtoto aliyezaliwa siku hiyo. Mfasiri alianza kutafsiri, akaona hakuna anayemhitaji, akaacha.

Burweti ilipanda mteremko mpya wa mlangoni, ikayumba. Sahani ikainama. Wanawake wakashika vinywa.

"Polepole, Assumani," Koko Safi akasema, na kipaza sauti kikayachukua maneno hadi barabarani. "Renzo alisukumaka vizuri kuliko weye, na ilikuwa matope."